Raspberry Pi Zero W ya mashine ya vifaranga: niweke mfumo endeshi gani mwepesi?

MkungaMstaafu

Nawasalimu nyote. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Muheza, nafuga kuku na kuuza vifaranga vya siku moja. Si mtaalamu wa kompyuta, kwa hiyo mkinijibu msinirushie maneno kama mnajibizana wenyewe kwa wenyewe.

Mashine yangu ya kutotolesha ni sanduku la plaiwudi: trei nne, globu nne za wati 40, feni iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu, na karai la maji chini. Mtoto wa kaka yangu ndiye aliyeitia akili. Aliweka kikompyuta kidogo kiitwacho Raspberry Pi Zero W chenye RAM ya MB 512, memori kadi ya GB 16, sensa ya joto DS18B20, DHT22 ya kupima unyevu, na rilei ya kuwasha na kuzima globu. Joto tunalolitaka ni 37.5. Alipomaliza akaunganisha na runinga ya sebuleni, nikaona mstari unapanda na kushuka kama patografu, ile chati ya mama mwenye uchungu. Nikafurahi, nikampikia ubwabwa.

Mwezi uliopita nilipanga mayai 120. Siku ya saba nikamulika kwa tochi, nikatoa 14 yasiyo na kitu, yakabaki 106. Usiku wa siku ya 16 umeme ukaanza mchezo wake, unakatika unarudi, unakatika unarudi. Alfajiri naingia bandani nakuta globu zote nne zinawaka na taa nyekundu ya rilei inawaka. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko, nikakitoa haraka. Ndani huwa naacha kipimajoto cha zebaki, kile cha homa cha hospitali, kwa sababu kikipanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Kilikuwa kimesimama 42, na 42 ndio mwisho wa namba zake. Lilifika ngapi, anajua Mungu. Nilivunja mayai kumi nihakikishe. Yaliyobaki sikuvunja, nilichimba shimo.

Runinga ilikuwa imejaa mistari myeupe na kila mstari una neno mmcblk0. Kijana nilipompigia akasema, "Shangazi, mmcblk0 ndiyo kadi, nayo imekufa. Nunua nyingine uweke mfumo mwepesi, ule wa kwanza ulikuwa mzito." Yeye sasa yuko kazini mbali, simu anapokea usiku tu.

Nikampelekea fundi mmoja kadi mpya, akaniwekea mfumo wa 64-bit akisema ndio wa kisasa. Nikachomeka. Taa ya kijani inapepesa mara saba, inatulia, inapepesa mara saba tena. Nimehesabu, kuhesabu mapigo ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini. Nikajaribu na Ubuntu, nayo haikuamka.

Nimesoma majina haya: Raspberry Pi OS Lite, DietPi, Alpine, Tiny Core. Lipi linafaa kwa kikompyuta cha aina hii, kwenye nyumba ambayo umeme unakatika mara tatu kwa wiki, na anayekitunza ni mimi? Natanguliza shukrani.

bodi_na_waya

Shikamoo mama, na pole sana kwa mayai.

Nianze na hizo pepesa saba, umefanya vizuri kuhesabu. Kwenye Pi, mara saba maana yake imesoma kadi lakini haijaona keneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, ya kuwasha. Zero W ya 2017 imebeba prosesa ileile ya Pi ya kwanza ya 2012, aina ya ARMv6, kiini kimoja. Hiyo ni ya 32-bit, ya 64-bit haiwezi kabisa hata ukiibembeleza. Iliyokuja 2021, Zero 2 W, ndiyo yenye viini vinne na inakubali 64-bit. Kwa umbo zinafanana sana, na fundi wako nadhani alizichanganya. Ubuntu nayo inaanzia Pi 2 kwenda juu. Hata Debian yenyewe, mfumo mama, toleo lake la armhf (la ARM ya 32-bit) linataka ARMv7, ndiyo maana Raspbian, jina la zamani la Raspberry Pi OS, ilitengenezwa.

Kwa hiyo kwako wewe mlango ni mdogo: Raspberry Pi OS ya 32-bit, DietPi ya ARMv6, Alpine ya armhf, au piCore ambayo ni Tiny Core ya Pi. Ukikutana na mtu anakushauri Armbian au Fedora, mshukuru uendelee na safari.

Mimi ningeweka Raspberry Pi OS Lite ya 32-bit. Ni mfumo uleule aliokuwekea kijana, isipokuwa umevuliwa madirisha, picha na kivinjari. Ikitulia inatumia RAM kama MB 100 hivi. Programu ya kijana wako itaendelea kufanya kazi bila kubadilishwa, na amri ulizozizoea ni zilezile. Kupakua ni karibu nusu GB, kwa hiyo nunua bando la kutosha.

Swali moja: ile grafu ya kwenye runinga ilikuwa inafunguka ndani ya kivinjari?

MkungaMstaafu

Marahaba. Ndiyo, ilikuwa Chromium. Ilikuwa inachukua dakika nne kufunguka, nami naisubiri nakunywa chai.

bodi_na_waya

Basi mhalifu wa kwanza tumempata. Chromium kwenye MB 512 haitoshei, hivyo mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye kadi, kinachoitwa swapu. Kadi inaandikwa usiku na mchana. Kila sekunde programu nayo inaandika joto. Halafu umeme unakatika katikati ya kuandika. Memori kadi huwa haikwambii nilichokuwa naandika hakikuisha. Inakaa kimya, siku ya siku inakuzimikia.

Na Zero haina ile sakiti ya kugundua umeme mdogo iliyopo kwenye Pi 3, kwa hiyo chaja mbovu ikiinyima umeme haitalalamika popote. Chaja ya simu uliyookota mezani usiitumie. Tafuta ya volti 5, ampea 2 au zaidi, na waya mfupi mnene.

KinyoziLikoni

Hamjambo. Mimi niko Likoni, kinyozi changu kina Pi ya kwanza kabisa, ile ya 2012 yenye RAM ya MB 256. Inacheza muziki tangu saa mbili asubuhi hadi nifunge, na inatumia DietPi. Mwaka wa tatu huu, kadi ni ileile.

Uzuri wa DietPi ni kwamba ni Debian iliyopunguzwa mafuta. Logi zote, yaani kumbukumbu za matukio, zinakaa kwenye RAM, haziandikwi kwenye kadi. Ukitaka kuongeza kitu unaandika dietpi-software, inakuja menyu unachagua kama unachagua chakula hotelini. Halafu kabla hujaichomeka unafungua kadi kwenye kompyuta nyingine, kuna faili dietpi.txt na dietpi-wifi.txt, unajaza jina la Wi-Fi na nywila, basi. Skrini huihitaji wala kibodi.

Lakini sitakudanganya mama, siku ya kwanza itakusumbua. Ikiwaka mara ya kwanza inataka intaneti, inajisasisha yenyewe, na kwa prosesa ya Zero hiyo ni shughuli ya kuanika nguo zikauke. Bando likiisha katikati utaniapiza. Kitu kingine, logi zinafutwa kila saa. Ikikwama saa tisa usiku, ukiamka saa kumi na mbili ushahidi umeshafagiliwa.

darajani_99

Assalaam alaykum. Unguja hapa. Naona nyote mnazunguka suala lenyewe. Tatizo la mama ni umeme kukatika kadi ikiwa inaandikwa. Basi chagua mfumo usioandika kadi. Alpine.

Alpine kwenye Pi inakwenda kwa namna inayoitwa diskless. Ikiwaka inasoma kadi, inajipakia yote kwenye RAM, kisha kadi haina kazi nayo tena. Mimi nimeshaichomoa kadi mashine ikiwa inafanya kazi, ikaendelea kama hapakuwa na kitu. Umeme ukikatika mara mia, kadi iko vilevile ulivyoiacha. Kupakua kwake hakufiki MB 150.

Gharama yake ni hii: ukibadilisha kitu chochote lazima uandike lbu commit ndipo kihifadhiwe. Ukisahau, ukizima, umerudi ulikotoka. Mie nimepoteza kazi ya wiki nzima kwa kusahau maneno mawili hayo. Nilikaa barazani nikajicheka.

La pili, Alpine haitumii maktaba ya programu iitwayo glibc kama Debian, inatumia musl. Programu nyingi za Python hutaona tofauti, lakini ile ya DHT22 huenda ikataka kujengwa upya hapohapo kwenye Zero, na Zero ikijenga kitu utaoka mkate na kuula.

MkungaMstaafu

Waalaykum salaam. Nimesoma yote mara mbili na kuandika kwenye daftari. Alpine imenivutia kwa sababu nimeielewa: asubuhi inavaa upya, haibebi uchafu wa jana. Naogopa tu hilo la maktaba. Kijana akiniambia "Shangazi, hii haipandi," nitakuwa nimebaki na sanduku la mbao.

DietPi naogopa bando. Hapa kwetu intaneti ni ya simu yangu, nikienda sokoni nayo inaondoka.

Lakini kuna jambo ninalotaka mnieleweshe. Kadi imekufa, sawa. Kwa nini globu zilibaki zinawaka? Mgonjwa akifariki mkono unalegea, hauendelei kushika kikombe.

rilei_na_moto

Shikamoo mama. Hilo ndilo swali lenyewe, na nashangaa limepita majibu yote hayo bila mtu kuligusa.

Pini za Pi hazilegei. Programu ikiiambia pini washa, pini inabaki imewasha mpaka programu iseme zima au bodi izimwe. Kadi ilipokufa programu ikakwama katikati, globu zikiwa zinawaka, na hakuna aliyebaki wa kusema zima. Ingekwama sekunde ishirini nyuma zikiwa zimezimwa, ungekuta mayai ya baridi. Kwa hiyo mnaweza kubishana Lite, DietPi, Alpine hadi kesho. Zote hizo ni Linux, na Linux yoyote inaweza kukwama, na ikikwama haiachii.

Mimi natengeneza mashine hizi Mwanza, na kanuni yangu ni kwamba Linux haipewi globu peke yake. Nunua kidude kinaitwa W1209, ni bodi ndogo yenye rilei yake, sensa yake na namba nyekundu tatu. Hakina mfumo endeshi wa kuharibika. Kiweke kwenye hali ya kupasha, namba 38.5, halafu waya wa globu upite kwanza kwake ndipo uende kwenye rilei ya Pi. Wakati wote kitakuwa kinapitisha umeme tu, kinatazama. Siku Pi ikirukwa akili, joto likigusa 38.5 kinakata. Kazi ya waya wa volti 230 mpe fundi umeme, usiifanye mwenyewe.

Ndani ya Pi nako kuna mlinzi wa kielektroniki. Kwenye /etc/systemd/system.conf unaweka RuntimeWatchdogSec=15, mfumo ukiganda sekunde 15 bodi inajiwasha upya yenyewe. Mweke, ila usimtegemee sana. Anamwangalia systemd, yaani msimamizi wa mfumo, hamwangalii huyo kijana wako alivyoandika programu. Programu inaweza kulala fofofo systemd akiwa macho.

Halafu fungua daftari lako. Kuna mahali uliandika joto 85?

MkungaMstaafu

Wewe umejuaje? Lipo. Siku ya 9, mashine imeandika 03:14, yaani saa tisa na robo kasoro dakika moja usiku, 85.0. Mstari unaofuata 37.4. Nikaweka alama ya kuuliza nikadhani ni utani wa kompyuta. Siku ya 13 yapo mawili.

rilei_na_moto

Si utani. DS18B20 ikikatiwa umeme hata nukta moja na kuurudisha, namba inayoanza nayo kabla haijapima ni 85. Ukiisoma hapo inakupa 85 kwa uso mkavu kabisa. Maana yake waya wa sensa umelegea au chaja inayumba. Programu ikiamini 85 inazima globu, bahati yako ilikuwa inasoma tena sekunde ileile. Mwambie kijana aongeze mstari mmoja: ikija 85 kamili, tupa, soma tena. Na wewe kaza waya.

bodi_na_waya

Nakubali, W1209 lazima. Mimi nilijibu swali lililoulizwa nikaliacha lililotakiwa.

Kuhusu mfumo, kuna njia ya katikati inayoondoa hofu ya maktaba. Weka Raspberry Pi OS Lite, weka programu, jaribu siku mbili tatu. Ukiridhika, andika sudo raspi-config, ingia kwenye menyu ya utendaji, washa kitu kinaitwa Overlay File System. Hapo kadi inakuwa ya kusomwa tu na maandishi yote yanakwenda RAM, kama Alpine ya ndugu yangu wa Unguja. Ukitaka kubadilisha kitu unazima overlay, unabadilisha, unaiwasha tena.

Na usiweke Wi-Fi kwa lile faili la zamani la wpa_supplicant.conf kama video nyingi zinavyofundisha. Tangu toleo la Bookworm la 2023 faili hilo halisomwi. Tumia programu ya Raspberry Pi Imager, inakuuliza jina, nywila, Wi-Fi na nchi kabla ya kuandika kadi. Jina la pi na nywila ya raspberry navyo viliondolewa 2022, utachagua vyako.

darajani_99

Overlay nzuri, lakini nimwambie mama kitu kabla hakijamkuta. Pi Zero haina saa yake. Umeme ukizima inakumbuka saa kwa kuiandika kwenye kadi. Sasa kadi ikiwa haiandikwi

darajani_99

Samahani, simu imezima chaji. Kadi ikiwa haiandikwi, kila ikiwaka itarudi kwenye tarehe ileile ya siku ulipowasha overlay, mpaka ipate intaneti ikaulize. Nunua DS3231, kisaa chenye betri ya kidonge, unakichomeka kwenye pini za I2C.

MkungaMstaafu

Wanangu, nimechelewa kuleta majibu kwa sababu nilitaka nilete yaliyokamilika.

Nimechagua Raspberry Pi OS Lite ya 32-bit, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: amri zake tayari ziko kwenye daftari langu kwa mwandiko wangu. Alpine ningeanza daftari jipya. Wa Unguja usininunie.

Kadi niliandikiwa na binti wa jirani kwenye kompyuta yake ya chuo kwa hiyo Imager. Bila runinga wala kibodi. Nilipoichomeka taa ya kijani ilipepesa hovyohovyo bila hesabu, nikajua imepata uhai. Programu ya kijana ilikubali kwa mara ya kwanza, ila nilimfanya aongeze mstari wa 85 usiku huohuo kwa simu, mimi naandika yeye anataja. Nukta mbili na nafasi nne, nukta mbili na nafasi nne, tulichukua saa nzima kwa mistari mitatu. Grafu sasa sifungui kwenye Pi, naifungua kwenye simu yangu kupitia Wi-Fi, inafunguka palepale.

Fundi umeme aliweka W1209. Sikutia mayai. Nilitia mabakuli manne ya maji, nikafunga, nikawa nachomoa plagi mwenyewe. Mara kumi siku ya kwanza, mara kumi ya pili. Kila mara iliamka. Kisha nikamwambia kijana aiue programu kwa makusudi globu zikiwa zinawaka, kutoka hukohuko aliko. Nikasimama pembeni na kipimajoto changu. Namba nyekundu zikapanda 38.3, 38.4, 38.5, nikasikia *tak*, giza. Nilisikia raha ambayo sikuisikia tangu nistaafu.

Overlay nikaiwasha, nikapanga mayai 100.

Sasa yule wa Unguja alinionya na mimi nikafanya ukaidi. DS3231 mjini Tanga sikuipata wiki ile, nikaona kuku hawasubiri saa. Siku ya tano umeme ukakatika usiku, mimi nimekwenda msibani na simu yangu, intaneti hakuna. Nimerudi, simu inaniambia: leo siku ya 1. Mashine imesahau siku nne zote, na inanikumbusha niongeze maji ya siku ya kwanza. Na zile namba za joto za siku nne zilikuwa kwenye RAM, zimekwenda na umeme. Ilikuwa zamu ya daftari kucheka. Saa ilifika siku ya nane, niliagiza kwa basi. Namba za joto sasa zinaandikwa kwenye flashi ndogo ya USB kila dakika kumi, flashi ikifa na ife, si moyo wa mashine.

Kugeuza mayai nageuza kwa mkono, asubuhi, mchana, jioni. Siku ya 18 nikaacha kugeuza na kuongeza karai la pili, unyevu ukapanda 68. Umeme umekatika mara tisa katika siku 21, nimezihesabu. W1209 haikuwahi kulazimika kukata hata mara moja. Mayai 100, niliyoyatoa siku ya saba ni 11, vifaranga 73. Kumi na sita hayakuanguliwa. Manne kati ya hayo vifaranga vilikufa vikiwa vimeshatoboa ganda, na hilo nalijua mimi kuliko nyinyi: nilifungua mlango kuchungulia, unyevu ukashuka. Hilo mfumo endeshi hauhusiki.

Swali la mwisho. Kadi ya zamani iliyokufa, nikiichomeka kwenye simu inaonekana tupu. Mle ndani kulikuwa na namba za uzao wa Februari nilizokuwa sijazinakili. Kuna namna?

KinyoziLikoni

Hongera sana mama, 73! Kadi usiiandike kitu chochote na simu ikikuuliza kama ifomati, kataa. Sehemu ya Linux kwenye kadi simu haiioni, si lazima iwe tupu. Mpe yule binti wa jirani aichomeke kwenye kompyuta yenye Linux, anakili kadi nzima kwanza kwa programu ya ddrescue, halafu atafute faili kwenye nakala na si kwenye kadi yenyewe. Kama bado inasomeka, namba za Februari zitakuwemo.

MkungaMstaafu

Binti anarudi chuoni Jumapili. Nitamkimbiza kesho na kifaranga mmoja mkononi.